Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Asili ya Majina ya Makonde na Vitongoji vya Ayalandi

Katika mashamba ya Ayalandi, karibu kila konde lina jina lake. Konde hapa ni kipande kimoja cha shamba kilichozungushiwa ua wa miti, tuta la udongo au ukuta wa mawe. Shamba la familia moja huweza kuwa na makonde kumi au ishirini, na mwenye shamba huyataja yote kwa majina anapomwelekeza mwanawe mahali pa kuwapeleka ndama au mahali ambapo mashine ya kukata majani itaanzia. Mengi ya majina hayo hayamo katika ramani yoyote. Yamo vinywani mwa watu tu, na tangu Ayalandi ilipojiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973, kilimo cha mashine kubwa kimesababisha nyua nyingi kuondolewa na makonde mawili matatu kuunganishwa kuwa moja. Ua ukishaondoka, jina la konde lililomezwa hukumbukwa na kizazi kilicholilima, kisha hupotea pamoja nacho.

Mwongozo huu ni kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Ayalandi, aliyepata jamaa huko kwa ndoa, au anayesoma historia ya nchi hiyo na angependa kulifuatilia jina la mahali mpaka kwenye chimbuko lake. Kazi hii ina mpangilio, na mpangilio huo ndio unaotenganisha uchunguzi na kubahatisha: kwanza jina lisikike likitamkwa, kisha yatafutwe maandishi yake ya zamani, na mwisho ardhi yenyewe itazamwe. Anayeanza kwa kutafsiri herufi anazoziona kwenye kibao cha barabarani mara nyingi hupata maana nzuri isiyo ya kweli.

Hatua ya kwanza: bainisha mahali penyewe

Kabla ya kuuliza jina lina maana gani, ni lazima kujua ni jina la kitu gani. Ardhi ya Ayalandi imegawanywa kwa ngazi zilizopandana: mikoa 4 ya jadi, kaunti 32, baroni (yaani sehemu za kaunti), parokia za kiraia, na chini kabisa eneo linaloitwa kwa Kiayalandi baile fearainn na kwa Kiingereza townland. Katika mwongozo huu nitaliita kitongoji, ingawa halina mwenyekiti wala ofisi. Ni kipande cha ardhi chenye mpaka na jina rasmi, na nchini kote vipo zaidi ya 60,000. Makonde yamo ndani ya vitongoji, na majina yake hayajawahi kuwa rasmi.

Andika basi kaunti, baroni, parokia ya kiraia na kitongoji cha mahali unapopachunguza. Usiiruke kazi hii ndogo, kwa sababu jina moja la kitongoji hurudiwa katika kaunti nyingi, na nyaraka zote za zamani zimepangwa kwa ngazi hizo. Jina kama Kilmore lipo mahali pengi sana, na asili ya Kilmore moja si lazima iwe asili ya nyingine.

Halafu tafuta ramani mbili. Ya kwanza ni ile ya inchi sita kwa maili, iliyochorwa na Ordnance Survey, idara ya upimaji iliyoanzishwa kwa ajili ya Ayalandi mwaka 1824 chini ya Thomas Colby. Ya pili ni ya inchi ishirini na tano kwa maili, iliyochorwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Hiyo huonyesha kila konde na ukubwa wake kwa ekari. Chapisha nakala ya ramani ya pili kwa maandishi makubwa, kwa kuwa ndiyo utakayoitandaza mezani mbele ya wazee.

Hatua ya pili: sikiliza kabla ya kusoma

Hii ndiyo hatua isiyoweza kuahirishwa. Karatasi zilizoko Dublin na Belfast zitaendelea kuwapo mwakani, lakini mzee wa miaka tisini hana ahadi hiyo. Nenda kwa mwenye shamba, omba ruhusa, eleza unachokifanya na namna utakavyokihifadhi, kisha omba idhini ya kurekodi sauti.

Usiulize, "Jina hili lina maana gani?" Swali hilo humfanya mtu atafute jibu la kukufurahisha. Uliza, "Mnaliitaje?" Mwombe akutembeze kwa maneno kutoka langoni hadi mwisho wa shamba, konde baada ya konde, huku kidole chake kikiwa kwenye ramani. Uliza ng'ombe hulazwa wapi majira ya baridi, maji hutuama wapi, ni wapi palipokuwa na nyumba zamani, na ni konde gani ambalo baba yake hakukubali lilimwe. Majina mengi hujitokeza yenyewe ndani ya majibu hayo. Ongea na mke na mume kila mmoja kwa nafasi yake, kwa kuwa aliyeolewa kutoka kitongoji kingine huja na masikio mapya na hukumbuka majina yaliyomshangaza siku za mwanzo. Zungumza pia na jirani wa ng'ambo ya ua, kwani konde moja huweza kuitwa hivi na wenyewe na vile na majirani.

Sikiliza mkazo. Sisi tuliozoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho hupitwa kwa urahisi na jambo hili, na ndilo lenye habari nyingi. Katika majina ya Kiayalandi yenye sehemu mbili, mkazo kwa kawaida huangukia sehemu inayofafanua: Kilmore hutamkwa kwa mkazo kwenye "more", yaani mór, kubwa. Mkazo ukiwa mwanzoni, kama katika Dublin, huenda maneno mawili yaliunganishwa zamani sana na kuwa neno moja. Dublin ni dubh, -eusi, na linn, kidimbwi. Andika jina kama lilivyotamkwa, bila kulisahihisha, hata kama unaamini msemaji amelikosea.

Hatua ya tatu: kusanya maumbo ya zamani

Lengo la hatua hii ni kupata orodha ya namna jina lilivyoandikwa, pamoja na mwaka wa kila andiko. Anzia kwenye hifadhi ya majina ya mahali ya logainm.ie, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008. Humo utakuta umbo rasmi la Kiayalandi la kitongoji, mara nyingi sauti ya matamshi, na kwa majina mengi orodha ya maumbo ya kihistoria na hata picha za kadi za watafiti. Kwa Ayalandi ya Kaskazini, tumia pia kazi ya mradi wa majina ya mahali wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, ulioanza mwaka 1987.

Chanzo kinachostahili kukaliwa kwa muda mrefu ni vitabu vya majina vya Ordnance Survey vya miaka ya 1830. Wapimaji walikuwa maofisa wa jeshi wasiojua Kiayalandi, wakakuta kila jina limeandikwa kwa njia tano au sita. Thomas Larcom, aliyesimamia kazi hiyo, akamwajiri John O'Donovan, mwana wa mkulima wa Kilkenny na msomi mkubwa wa lugha hiyo. O'Donovan alizunguka kaunti baada ya kaunti akiwasikiliza wenyeji wanaozungumza Kiayalandi, akalinganisha alichokisikia na maandishi ya awali, kisha akaweka umbo la Kiayalandi aliloliamini pamoja na tahajia ya Kiingereza itakayochapishwa kwenye ramani. Wengi wamelaumu upimaji ule kwa kuyavika majina mavazi ya Kiingereza, na lawama hiyo ina haki yake; lakini bila masikio ya O'Donovan, majina mengi yasingekuwa na ushahidi wowote wa mdomo kutoka kabla ya Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu takribani milioni moja na kuwaondoa wengine wengi, wakiwamo wazungumzaji wengi wa Kiayalandi.

Rudi nyuma zaidi kwenye Down Survey, upimaji wa William Petty wa miaka ya 1656 hadi 1658, uliofanywa ili ardhi iliyonyang'anywa Wakatoliki igawiwe wengine. Tahajia zake ni za kukisia, ila zimetangulia kabla Kiingereza hakijaenea mashambani, na kwa hiyo mara nyingi hubeba silabi ambazo baadaye zilimezwa. Usishangae ukikuta mapengo makubwa katika nyaraka nyingine: ofisi ya kumbukumbu ya umma iliyokuwa katika jengo la Four Courts, Dublin, iliteketea Juni 1922 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kwa makonde, vyanzo ni vichache lakini vina utajiri wake. Uthamini wa Griffith, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864, hautaji majina ya makonde, ila hutaja nani alishika ardhi ipi, pamoja na namba inayorejelea ramani. Konde linaloitwa kwa jina la ukoo usiokuwapo tena kijijini huweza kufunguliwa na ukurasa mmoja wa uthamini huo. Ramani za mabwana wa ardhi za karne ya 18 na 19, nyingi zikiwa katika Maktaba ya Taifa Dublin na katika PRONI, ofisi ya kumbukumbu za umma ya Ayalandi ya Kaskazini iliyoko Belfast, mara nyingine huandika majina ya makonde waziwazi. Kisha upo Mkusanyiko wa Shule: kati ya 1937 na 1939, watoto wapatao 50,000 wa shule za msingi katika kaunti 26 zilizo nje ya Ayalandi ya Kaskazini waliombwa waandike mapokeo ya wazee wao, na majina ya mahali na ya makonde yalikuwa miongoni mwa mada. Madaftari hayo husomwa bure kwenye dúchas.ie. Tafuta shule iliyo karibu na kitongoji chako, usome kurasa zote za shule hiyo, maana jina unalolitafuta huweza kujificha ndani ya kisa cha mzimu au cha dhahabu iliyofukiwa.

Fungua pia sensa za 1901 na 1911, zinazopatikana bure. Fomu zake zina safu inayoeleza nani alizungumza Kiayalandi. Ukiona kwamba wazee wote wa kitongoji walikizungumza mwaka 1901, basi majina ya Kiingereza unayoyasikia leo yanaweza kuwa tafsiri za juzijuzi. Ukiona hakuna hata mmoja, majina hayo ya Kiingereza yana umri mkubwa zaidi.

Hatua ya nne: ufumbue muundo wa jina

Sasa ndipo kamusi inapofunguliwa. Maneno machache hurudi tena na tena. Baile, linaloandikwa Bally, ni makazi au shamba la jamii. Gort, páirc na garraí yote ni makonde ya aina tofauti. Achadh ni uwanda wa kulimwa. Cluain, linaloandikwa Clon, ni malisho ya majani mabichi. Druim ni mgongo wa kilima, cnoc ni kilima, doire ni msitu wa mialoni. Tobar ni kisima, na áth ni kivuko cha mto. Ráth na lios ni maboma ya duara ya udongo walimoishi wakulima zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ceathrú, linaloandikwa Carrow, ni robo ya ardhi, na huonyesha kwamba kitongoji kilikuwa kipimo cha kodi kabla ya kuwa anwani. Buaile ni mahali pa kukamulia ng'ombe waliopelekwa malisho ya mbali majira ya joto. Kiambishi -ín, kinachoandikwa -een, hudogosha: Gorteen ni konde dogo.

Jihadhari na maneno yanayofanana na Kiingereza. Konde linaloitwa The Inch halikupimwa kwa inchi. Ni inse, ardhi ya majani iliyo kando ya mto. Letterkenny haihusiani na barua; leitir ni ubavu wa kilima, mara nyingi wenye majimaji. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamelisikia jina Moneygall, kijiji cha kaunti ya Offaly ambako alitoka babu wa kale wa Barack Obama kwa upande wa mama, na ambacho Obama alikitembelea Mei 2011. Hapana fedha katika jina hilo. Ni Muine Gall: muine ni kichaka, na gall ni mgeni, neno walilopewa Wanorman na Waingereza.

Sarufi nayo huficha maneno. Kiayalandi hubadilisha konsonanti ya kwanza ya neno kulingana na kinacholitangulia. Mlima Slievenamon wa Tipperary ni Sliabh na mBan, mlima wa wanawake. Neno la msingi linaanza kwa b, lakini sauti inayosikika ni m, na ndiyo iliyoandikwa na Waingereza. Limavady ni Léim an Mhadaidh, mruko wa mbwa, ambapo m ya madadh imegeuka v. Kibainishi an nacho huacha herufi yake nyuma: Nobber, katika kaunti ya Meath, ni an obair, yaani "kazi ya ujenzi", na n yake ilihamia mwanzoni mwa neno. Kwa hiyo, jina lisipofunguka, jaribu kurudisha b mahali pa m, m mahali pa v, au kuiondoa n iliyo mwanzoni.

Si kila jina ni la Kiayalandi. Waviking waliacha majina hasa pwani na kwenye mito. Leixlip ni maneno yao ya mruko wa samoni, na Waayalandi wanapaita Léim an Bhradáin kwa maana ileile. Wanorman walileta Grange, shamba la watawa, pamoja na sungura na majina ya mahali pa kuwafugia. Walowezi wa Kiskoti walileta maneno yao Ulster, mkoa wa kaskazini, na konde lenye neno lint hapo lilikuwa na bwawa la kuloweka kitani.

Majina ya makonde ya Kiingereza yanayoonekana mepesi yasidharauliwe. Kiln Field hukuonyesha palipokuwa na tanuri la chokaa. Fort Field karibu kila mara lina boma la duara au lilikuwa nalo. Konde la Ten Acres ambalo ramani ya inchi ishirini na tano inaonyesha lina ekari 16 halikukosewa: ekari ya Kiayalandi ilikuwa sawa na ekari 1.62 za kisheria, na jina hilo limehifadhi kipimo kilichokwisha kufutwa. Katika sehemu za Ulster kuna ekari ya tatu, ya Kiskoti iitwayo Cunningham, yenye ekari 1.29 za kisheria. Piga hesabu zote mbili, na utajua ni watu gani walioligawa konde lile.

Hatua ya tano: nenda ukaitazame ardhi

Hakuna mahali ambapo hatua hii inahitajika kuliko kwenye majina yanayoanza na Kil. Sehemu hiyo inaweza kuwa cill, kanisa, au coill, msitu, na Kiingereza huyaandika yote mawili kwa namna moja. Kiltegan ya Wicklow, ambayo jina lake limefika hadi Turkana kupitia mapadre wa shirika lililoanzishwa hapo mwaka 1932, ni Cill Téagáin, kanisa la Téagán. Lakini Kilmore moja ni kanisa kubwa, na nyingine ni msitu mkubwa. Tafuta makaburi ya kale, kisima kitakatifu, au ua wa mviringo unaokunja barabara bila sababu. Hizo ni dalili za kanisa la kale. Ukikuta mteremko wa mawe usiolimika, na vichaka vya mialoni bado vimeng'ang'ania kingo zake, msitu una nguvu zaidi. Usikate shauri kabla ya kuzilinganisha dalili hizo na maumbo ya zamani uliyoyakusanya.

Chagua siku ya jua la chini, asubuhi au jioni ya majira ya baridi, kwa sababu kivuli huonyesha matuta ambayo mchana hayaonekani. Funga kila lango kama ulivyolikuta. Maboma na makanisa yanalindwa kisheria, kwa hiyo usichimbe wala kutumia kifaa cha kutafutia madini. Angalia kwenye ramani ya mtandaoni ya idara ya makumbusho ya kale ya serikali kama mahali pamekwisha kuorodheshwa.

Kuna majina yanayohitaji utulivu zaidi. Konde liitwalo cillín au Killeen huenda ni mahali walipozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, ambao kanisa liliwanyima nafasi katika makaburi yake hadi karne ya 20. Wapo ndugu zao walio hai. Konde la jiwe la misa, yaani mwamba uliotumiwa kama madhabahu ya misa ya siri, huwarudisha watu kwenye enzi za sheria zilizowakandamiza Wakatoliki. Acha mwenye shamba aseme kwa kadiri apendavyo, uzime kinasa sauti akikuomba, na usichapishe mahali hasa pa cillín bila ridhaa yake.

Hatua ya sita: andika na uweke mahali salama

Kwa kila jina, andika umbo lililosikika, namna linavyotamkwa, kitongoji, viwianishi vya mahali, maumbo ya zamani na miaka yake, maelezo ya wenyeji, na mwisho maoni yako. Yatenge maelezo ya wenyeji na maoni yako katika safu mbili. Mzee akisema konde limeitwa hivyo kwa sababu mfalme alizikwa hapo, huo ni ushahidi wa mapokeo hata kama lugha inasema jambo lingine, na mchunguzi wa kesho ana haki ya kuyakuta yote mawili. Weka pia daraja la uhakika: hakika, yaelekea, au haijulikani. Jina lililobaki kwenye daraja la tatu lina thamani ileile ya kuhifadhiwa.

Majina ya watu walio hai yasiwekwe kwenye nakala ya umma bila idhini yao. Kisha toa nakala tatu: moja kwa familia yenye shamba, ikiwa imechapishwa pamoja na ramani, moja kwa maktaba ya kaunti, kitengo cha historia ya eneo, na moja kwa ofisa wa urithi wa kaunti, ambaye atakuambia kama upo mradi unaoendelea, kwani Meath, Louth na Kilkenny zimekwisha kuwa na miradi mikubwa ya majina ya makonde. Majina madogo yasiyo rasmi huweza pia kuingizwa moja kwa moja kwenye Meitheal Logainm, sehemu ya hifadhi ya taifa iliyotengwa kwa ajili ya michango ya wananchi, ambako konde huwekwa kwenye ramani mahali lilipo pamoja na jina lake.